Mapitio ya kozi ya misingi ya simu za intaneti jijini Mwanza

Kozi fupi ya misingi ya simu za intaneti inayotolewa na kituo kimoja cha mafunzo ya teknolojia katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Barabara ya Kenyatta, inastahili ada inayotozwa, na sababu yake kubwa ni moja: mwanafunzi hufundishwa kusoma jumbe zinazopita kati ya simu na seva kabla hajaruhusiwa kufungua ukurasa wa mipangilio. Nasema hivyo nikijua kwamba kozi hiyo ina mapungufu yasiyo madogo, hasa katika usalama na umeme, na nitayaeleza kwa kirefu kwa kuwa yatawagusa watu watakaofungiwa mifumo na wahitimu wake. Kituo chenyewe sikitaji kwa jina, kwa sababu nimewapelekea wahusika malalamiko yangu kwa maandishi na ni haki yao kupata nafasi ya kuyafanyia kazi. Msomaji aliyeko Mwanza, Musoma au Bukoba anaweza kuvitumia vipimo vilivyomo humu kuipima kozi yoyote ya aina hii.

Somo lenyewe lina uzito katika miji yetu ya kando ya ziwa kuliko wengi wanavyodhani. Ofisi nyingi hapa, kuanzia wauzaji wa dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba hadi nyumba za wageni za Nyegezi, zinaendesha biashara kwa simu za mkononi za wafanyakazi wao. Karani akiacha kazi, namba ambayo wateja wa Ukerewe na Sengerema wameizoea huondoka naye, na ofisi huanza upya kujitangaza. Mfumo wa simu wa ofisi, ambao mafundi wengi huuita PABX, huifanya namba kuwa mali ya ofisi: mteja hupiga namba moja, na simu huita mapokezi, ikikosa mtu huita stoo, ikikosa mtu huita simu ya meneja popote alipo. Zamani mfumo huo ulihitaji sanduku la gharama kubwa ukutani na nyaya za shaba hadi kila meza. Siku hizi unaweza kukaa ndani ya kompyuta ya kawaida iliyokwishatumika, kwa programu isiyouzwa, juu ya nyaya zilezile zinazobeba intaneti ya ofisi. Gharama iliyobaki ni ya ujuzi, na hapo ndipo kozi kama hii inapohitajika.

Historia imepewa muda mfupi unaotosha. Mwanafunzi anaelezwa kwamba itifaki ya H.323, yaani kanuni za vifaa kuwasiliana wakati wa kupiga simu kwa intaneti, ilitangulia mwaka 1996, kwamba SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu ambayo ndiyo msingi wa kozi, ilichapishwa kwa mara ya kwanza kama waraka wa RFC 2543 (RFC ni mfululizo wa nyaraka za viwango vya intaneti) mwaka 1999 na kuandikwa upya katika RFC 3261 mwezi Juni 2002, na kwamba waraka huo wa pili ndio unaosimamia simu nyingi za intaneti hadi leo. Anaelezwa pia kwamba Mark Spencer alianza kuandika Asterisk, programu isiyouzwa ya kuendesha simu za ofisi, mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, kwa sababu kampuni yake changa haikumudu bei ya mfumo wa simu wa ofisi. Habari hiyo iliwagusa sana wanafunzi, ambao wengi wao wanahudumia wateja wenye shida ileile.

Msingi wa kozi yote ni wazo kwamba simu ya intaneti ina safari mbili zinazokwenda mbalimbali: safari ya ishara, yaani makubaliano ya nani anampigia nani, kwa lugha gani ya sauti na katika mlango upi (namba ya mahali pa kupokelea ndani ya kifaa), na safari ya sauti yenyewe. Mkufunzi aliifananisha SIP na mshenga. Mshenga hupeleka posa, hurudisha majibu, hukubaliana masharti na pande zote mbili, lakini maneno ya wahusika wenyewe hayapiti kinywani mwake. SIP kwa kawaida husikiliza katika mlango 5060. Sauti husafirishwa na itifaki nyingine, RTP, katika milango tofauti kabisa, ambayo kwa Asterisk kwa kawaida huanzia 10000 hadi 20000. Fundi ambaye hajalielewa jambo hili atafungua mlango 5060 katika ruta, ataona simu zinaita vizuri, kisha atashangaa kwa nini watu hawasikilizani. Nimeuona mkanganyiko huo kwa mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi wa mitandao, na ninaamini kwamba kozi ambayo haiuondoi haijafundisha kitu.

Vitendo vinaanza na usajili. Simu janja iliwekewa programu ya Linphone na kupewa namba ya ndani 201, kisha darasa zima likaelekezwa kwenye projekta, ambako programu ya sngrep ilionyesha kila ujumbe ukienda na kurudi kati ya simu na seva. Simu ikatuma REGISTER, ujumbe wa kuomba kusajiliwa. Seva ikajibu 401.

“Mwalimu, imekataa,” akasema mama mmoja anayesimamia mapokezi ya hoteli.

“Haijakataa, mama. Imemuuliza yeye ni nani. Tuangalie atajibu nini.”

Simu ikatuma REGISTER ya pili, safari hii ikiwa na jibu lililokokotolewa kutokana na neno la siri pamoja na tarakimu za bahati nasibu ambazo seva ilizituma ndani ya ile 401, na seva ikajibu 200. Neno la siri lenyewe halikupita waziwazi mtandaoni. Kwa dakika chache hizo darasa lilijifunza mambo matatu ambayo ukurasa wa mipangilio usingeyaonyesha kamwe: kwamba kusajili ni kuiambia seva simu inapatikana kwenye anwani gani kwa muda uliopangwa; kwamba 401 ya kwanza ni hatua ya kawaida; na kwamba 401 zinazojirudia mfululizo ndizo dalili ya neno la siri lisilo sahihi. Mama yule wa mapokezi, ambaye hakuwahi kufunga hata ruta, ndiye aliyekuja kuwa mwepesi kuliko wote wa kutambua namba za majibu.

Namba hizo zimefundishwa kwa ukoo wake. Zinazoanzia 100 ni za njiani, kama 100 inayosema ombi limepokelewa na 180 inayosema simu ya upande wa pili inaita. Za 200 ni za kukubaliwa. Za 300 huelekeza kwingine. Za 400 husema ombi lenyewe lina kasoro au mpigiwa hapatikani kwa sasa. Za 500 ni za seva iliyoshindwa. Na za 600 ni za kukataliwa kila mahali. Kati ya hizo, fundi wa ofisi atakutana mara nyingi zaidi na 404, namba isiyojulikana. 408, muda umekwisha bila jibu. Na 486, mpigiwa yuko kwenye simu nyingine. Kozi inamtaka mwanafunzi atamke sababu inayowezekana kwa kila namba, na huo ni utaratibu mzuri, kwa sababu mteja anapopiga kelele kwamba simu hazifanyi kazi, tofauti ya 404 na 408 ni tofauti ya kwenda kukagua orodha ya namba au kwenda kukagua waya.

Somo lililonivutia zaidi katika sehemu hii lilihusu ujumbe mdogo uitwao ACK. Mpigaji hutuma INVITE, ujumbe wa kuomba kuanzisha simu, mpigiwa akiinua simu hurudisha 200, na mpigaji hana budi kuthibitisha kwa ACK kwamba ameipata hiyo 200. Watu huanza kuongea mara tu simu inapoinuliwa, kwa hiyo ACK ikipotea njiani hakuna anayegundua kwa sikio. Upande uliotuma 200 huendelea kuirudia, na usipopata uthibitisho hukata simu baada ya sekunde 32, muda unaotokana na kipimo cha nusu sekunde kilichowekwa katika RFC 3261 kikizidishwa mara 64. Ofisi ikilalamika kwamba simu hukatika kila mara baada ya nusu dakika hivi, fundi aliyefundishwa namna hii ataitafuta ACK kabla ya kulaumu mtandao. Mwongozo wa kubonyeza vitufe hauwezi kumfikisha mtu hapo.

Zoezi la sauti ya upande mmoja ndilo kilele cha kozi, na ningependa kila kituo kinachofundisha somo hili kiwe nalo. Mkufunzi aliiweka seva nyuma ya ruta ya kituo bila kuiambia anwani yake ya nje, akaunganisha simu moja kwa mtandao wa ndani na nyingine kwa bando la simu ya mkononi, kisha akampigia mmoja wetu. Simu iliita, ikapokelewa, na aliyeko nje akamsikia vizuri aliyeko ndani, lakini aliyeko ndani alisikia kimya. Wanafunzi wakaambiwa wasiguse kitu, wasome tu. Ndani ya INVITE na ndani ya 200 kuna sehemu ya maelezo ya sauti, iitwayo SDP, yenye mistari mifupi inayoanza kwa herufi moja. Mstari wa c unataja anwani ya kupelekea sauti, na mstari wa m unataja mlango na orodha ya kodeki zinazokubalika, yaani namna za kuigeuza sauti kuwa data. Mstari wa c uliotoka kwenye seva ulikuwa na anwani inayoanza na 192.168, anwani ya ndani ya nyumba ambayo hutumika katika majengo mengi duniani kwa wakati mmoja na haifikiki kutoka nje. Simu iliyoko nje ilikuwa inatuma sauti yake kwa utii kamili kwenye anwani isiyoweza kufikika, kwa hiyo sauti hiyo haikuifikia seva.

Hapo ndipo mkufunzi alipofungua faili la pjsip.conf, lenye mipangilio ya SIP ya Asterisk, na kuonyesha mistari ya anwani ya nje ya ishara, anwani ya nje ya sauti, na mtandao wa ndani usiohitaji kubadilishiwa anwani. Alionyesha pia jinsi ya kuiagiza seva iirudishe sauti kule ilikotoka hata kama SDP inasema vingine, na akatahadharisha kuhusu ruta zinazojaribu kuzirekebisha jumbe za SIP zenyewe na kuziharibu. Kipengele hicho mara nyingi ni afadhali kikizimwa. Kila mwanafunzi alirudia zoezi akiwa na kosa lililofichwa mahali tofauti. Nimesoma maelezo mengi kuhusu tatizo hili kwa miaka kadhaa, na sikuwahi kuliona likielezwa kwa uwazi wa kiasi hicho.

Hata hivyo, somo hilo liliishia pale ambapo hali halisi ya Mwanza inaanzia. Ofisi nyingi hapa hazina waya wa intaneti. Zinatumia ruta ya 4G yenye laini ya simu. Ruta hiyo mara nyingi haipati anwani ya nje iliyo yake peke yake, bali hupewa anwani ya pamoja nyuma ya mitambo ya kampuni ya simu, kwa mfano kutoka fungu la 100.64.0.0/10 lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Katika hali hiyo hakuna mlango wa kufungua, kwa sababu mlango haupo kwa mteja. Njia zipo: kuiweka seva mahali penye anwani ya nje na kuzifanya simu za ofisi zijisajili huko, au kuiacha seva ofisini na kuitaka ijisajili yenyewe kwa mtoa huduma huku ikituma ujumbe mfupi mara kwa mara ili njia isifungwe. Mkufunzi aliyataja haya kwa sentensi chache mwanafunzi mmoja alipouliza. Nadhani yanahitaji kipindi kizima, tena kabla ya somo la anwani za nje, kwa kuwa wengi wetu tutayakuta hayo kwanza.

Somo la kodeki lilikuwa zuri kwa sababu lilifanywa kwa hesabu. Kodeki ya G.711 huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, kila moja ya biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Sauti ya kila milisekunde 20 hufungwa katika pakiti moja yenye baiti 160, na kila pakiti huongezewa baiti 40 za anwani na maelezo ya safari, hivyo mzigo halisi ni kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande, kabla ya kuhesabu gharama za waya wenyewe. G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini baiti 40 za maelezo hazibanwi, kwa hiyo mzigo wake ni kilobiti 24. Kwa mtu wa bando, hesabu hiyo inatoka hivi: mazungumzo ya saa moja kwa G.711 hula takribani MB 72, pande zote mbili zikijumlishwa, na kwa G.729 hula chini ya MB 22. Wanafunzi walikokotoa wenyewe ni simu ngapi za wakati mmoja zinazoweza kupita katika intaneti ya ofisi zao, na baadhi waligundua kwamba tatizo lao lilikuwa kasi ya kupakia, ambayo hakuna anayeiangalia wakati wa kununua.

Vilevile ilisisitizwa kwamba kasi peke yake haitoshi. Mwongozo wa G.114 wa Shirika la Mawasiliano la Kimataifa unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kwa kawaida yake, na pakiti zinazofika kwa vipindi visivyolingana huikatakata sauti hata kama hakuna iliyopotea. Kodeki ya Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012 na inayostahimili mitandao yenye matatizo kuliko hizo mbili, ilitajwa kwa kupita tu. Ningeiongezea muda.

Upungufu unaoonekana haraka ni vitini. Vimechapwa kwa Kiingereza, jambo ambalo wanafunzi wamelizoea, lakini mifano yake inatumia faili la sip.conf na moduli ya chan_sip, iliyoondolewa kabisa katika Asterisk 21 mwaka 2023. Mkufunzi anafundisha PJSIP, iliyochukua nafasi ya moduli hiyo, kwa mdomo na ubaoni, na anaifundisha vizuri. Mwanafunzi akirudi nyumbani na kufuata kitini, seva mpya haitamwelewa. Zaidi ya hapo, mpango wa upigaji, yaani kanuni za namba ipi ipelekwe wapi, uliomo katika vitini umejengwa kwa namba za Marekani: tarakimu saba za mtaani, tisa ya kutokea nje, na 911 kwa dharura. Hapa kwetu namba za kitaifa huanza na sifuri na zina tarakimu kumi, iwe ni ya mkononi au ya mezani yenye 028 ya Kanda ya Ziwa, na simu za nje ya nchi huanza na 000. Kwa lugha ya Asterisk, mchoro wa _0ZXXXXXXXX unatosha kuruhusu simu zote za ndani ya nchi na kuziacha nje zile za kimataifa, kwa kuwa Z hukubali tarakimu kuanzia moja hadi tisa na hivyo sifuri ya pili haipiti. Namba ya dharura 112 lazima iwe na mstari wake, ipite bila masharti na kutoka kila simu, hata ile ya mlinzi wa getini. Mwanafunzi anayeondoka bila kuandika mstari huo ameandaliwa nusu.

Kuhusu umeme sikusikia somo lolote, na hili limenisikitisha. Simu ya mezani ya zamani ililishwa umeme wa volti 48 kutoka kituo cha simu chenye betri zake, kwa hiyo mtaa ulipokuwa gizani simu iliendelea kufanya kazi. Simu ya IP haina neema hiyo: umeme ukikatika, simu, swichi, ruta na seva vyote huzimika, na ofisi hubaki bubu. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba simu nyingi za mezani za IP zinaweza kupewa umeme kupitia waya uleule wa mtandao kutoka kwenye swichi maalumu, na kwamba kwa njia hiyo betri moja kubwa iliyounganishwa na swichi, ruta na seva huweza kuzishika simu zote. Anapaswa kufundishwa kukokotoa: kiwango cha kwanza cha umeme huo wa wayani, kilichotoka mwaka 2003, hutoa hadi wati 15.4 kwa kila mlango, ingawa simu ya kawaida hutumia pungufu sana ya hapo. Anapaswa pia kupanga kwamba seva isipopatikana, mtoa huduma aielekeze simu kwenye namba ya mkononi ya zamu. Kwa kliniki ya Sengerema au duka la dawa la Magu, suala hili lina uzito kuliko muziki wa kusubiria, ambao ulipewa mchana mzima.

Malalamiko yangu makubwa ni ya usalama. Uliwekwa mwishoni, siku ya vyeti, wakati watu tayari wanapiga picha. Seva yoyote ya SIP iliyo wazi kwenye intaneti huanza kubishiwa hodi na programu zinazokagua mlango 5060 duniani kote, zikitafuta namba za ndani na kujaribu maneno ya siri. Zikikuta namba ya ndani 201 yenye neno la siri 201, kama tulivyoweka darasani kwa urahisi wa mazoezi, wahalifu huitumia seva hiyo usiku au mwisho wa wiki kupiga namba za nje zenye tozo kubwa ambazo wao hupata mgawo wake, na bili humwangukia mwenye ofisi. Mfanyabiashara mdogo anaweza kupoteza mtaji wake wote kwa namna hiyo, tena kwa mfumo aliofungiwa na mtu mwenye cheti.

Somo hilo lilipaswa kuanza siku ileile ya REGISTER, kwa kuwa ndipo linapoeleweka. Maneno ya siri marefu ya bahati nasibu, yasiyofanana na namba ya ndani, yangetumika tangu mazoezi ya kwanza ili mkono uzoee. Programu ya fail2ban, inayosoma kumbukumbu za seva na kuzifungia anwani zinazokosea mara nyingi, ingefungwa na kila mwanafunzi mwenyewe. Mpango wa upigaji ungefundishwa kama kuta na pia kama njia: Asterisk hugawa mpango huo katika mafungu yaitwayo konteksti, na simu iliyo katika fungu fulani haiwezi kupiga namba isiyoandikwa humo wala katika fungu lililounganishwa nalo, kwa hiyo simu za kimataifa zinaweza kuachwa mikononi mwa namba mbili tu za ofisi, kwa nambari ya siri na ukomo wa salio kwa mtoa huduma. Kisha ingefuata kusimba ishara, yaani kuzifanya zisisomeke na wengine njiani, kwa TLS, ambayo mlango wake wa kawaida ni 5061, na kusimba sauti kwa SRTP. Yote haya yaliguswa kwa slaidi chache, na mkufunzi mwenyewe alionekana kuumia kwamba muda umekwisha.

Nimtendee haki mkufunzi huyo. Anajua kazi yake kwa vitendo, anakiri haraka pale swali linapohitaji kukaguliwa na hurudi na jibu kesho yake, na anazungumza Kiswahili kinachomfikia karani na mhandisi kwa pamoja. Darasa lilikuwa dogo kiasi cha kila mtu kupata seva yake, ingawa simu halisi ya mezani ilikuwa moja na tulipokezana. Suala la sheria pia alilieleza vizuri na kwa tahadhari: ofisi inaweza kuendesha mfumo wake wa ndani na kununua laini ya nje kwa kampuni iliyoidhinishwa, lakini kuuza huduma ya simu kwa umma ni kazi inayohitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na fundi anayemuunganishia mteja njia za mkato za kimataifa anamtia matatani.

Ninaipendekeza kozi hii kwa mafundi wa mitandao wanaojua tayari anwani za IP na kazi ya ruta, na kwa wasimamizi wa ofisi walio tayari kujifunza hayo wiki chache kabla. Asiyejua kabisa tofauti ya anwani ya ndani na ya nje ataachwa katika zoezi la sauti ya upande mmoja, yaani katika sehemu bora kuliko zote. Anayetaka kuanza kufungia wateja mara baada ya kuhitimu atenge muda wa kujifunza usalama mwenyewe kabla ya kugusa seva ya mtu, na awaombe walimu, kabla ya kulipa ada, waseme kama vitini vimeshahamishiwa PJSIP na kama kipindi cha usalama kimeshasogezwa mbele. Kwa awamu ijayo, mwanafunzi aje na kompyuta mpakato yenye angalau GB 8 za kumbukumbu ili aweze kuendesha seva ya majaribio ndani yake, hedifoni yenye maikrofoni, na laini ya simu ya mtandao tofauti na ule wa kituo, kwa sababu mazoezi mazuri zaidi hufanyika simu moja ikiwa ndani na nyingine ikiwa nje.